Badilisha Programu ya Picha Kabla ya Kubadilisha Kompyuta

Tulirudi kutoka harusini na flashi yenye picha zaidi ya elfu moja. Jioni ile laptopu ikawekwa mezani, mama mkwe akapewa kiti cha mbele, watoto wakajipanga nyuma yake. Picha ya kwanza ikafunguka vizuri. Nilipobonyeza mshale kwenda ya pili, skrini ikawa nyeusi, kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee. Mama akavua miwani akaniuliza, "Mwanangu, imekufa?"

Haikufa. Ni laptopu ya mtumba, RAM yake GB 4, na fundi niliyempelekea kesho yake alinishauri ninunue nyingine. Sikununua. Nilibadilisha programu ya kutazamia picha, basi.

Ili uchague vizuri, jua kwanza kompyuta inahangaika na nini. Picha ya simu yenye megapikseli 12 inaweza kuwa na MB 3 au 4 tu kwenye diski, kwa sababu JPEG imeibana. Ukiifungua, lazima ikunjuliwe yote: pikseli milioni 12, kila moja baiti 3, jumla MB 36 ndani ya RAM. Kazi hiyo hakuna programu inayoikwepa. Zinapotofautiana ni kwenye mizigo mingine. Zipo zinazotaka kupanga albamu ya kompyuta nzima, kutambua sura za watu, kuwasiliana na hifadhi ya mtandaoni na kuandaa zana za kuhariri, wakati wewe ulitaka kumwona bibi harusi tu. Programu nyepesi hufungua picha uliyoomba, na wakati ukiitazama, huanza kuiandaa inayofuata. Hiyo tabia ya kutangulia hatua moja ndiyo naithamini kuliko rangi na madoido yote.

Kwa Windows, mimi naanzia na IrfanView. Iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1996. Faili lake la kusakinisha ni MB chache, halimalizi bando, na kwa matumizi ya nyumbani hulipii. Sura yake ni ya kizamani, nakubali. Lakini inafunguka papo hapo, Enter inajaza skrini, Esc inaifunga. Ukibonyeza B unapata dirisha la kushughulikia picha nyingi kwa mkupuo: picha zote za harusi nilizipunguza hadi upana wa pikseli 1,600 ili nizitume kwa ndugu. Nakala ziweke kwenye folda nyingine, usiguse picha za asili.

Anayependa kuona picha zote ndogo ndogo zimepangwa mbele yake atapenda zaidi FastStone Image Viewer, nayo bure kwa nyumbani. Picha ikijaa skrini, sogeza kipanya ukingoni na menyu zilizojificha zinatokea. Inaweza pia kuweka picha nne pamoja ili uzilinganishe, jambo linalosaidia sana mpiga picha anapokuletea pozi lile lile mara kumi. Wenye Mac, au wenye Linux na Windows ndani ya nyumba moja, wajaribu XnView MP, inayofanya kazi kote. Kwenye Linux yenye Xfce, Ristretto inatosha kabisa.

Lakini usichukue neno langu tu. Tengeneza folda mbili, kila moja picha mia za kwako: za simu, za kamera, hati iliyoskaniwa, na hata ya WebP uliyoipakua mtandaoni. Muhimu kuliko zote, tia picha ya HEIC kutoka iPhone ya ndugu, maana simu hizo zilianza kuhifadhi picha kwa mfumo huo mwaka 2017 na si kila programu huifungua bila kuongezewa kitu. Bofya picha ya kwanza mara mbili, kisha ushikilie mshale wa kulia. Tazama kama picha zinapita au zinakwama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone programu inakula RAM kiasi gani.

Kwa nini folda mbili? Kwa sababu Windows hukumbuka mafaili iliyoyasoma karibuni. Ukijaribu programu ya pili kwa picha zile zile, itaonekana ina kasi isiyo yake. Ipe folda ya pili, au zima uwashe upya.

Jambo moja linaniuma kwa sababu limeharibu picha za watu wengi: kuzungusha picha iliyolala kisha kuihifadhi. Kwa njia ya kawaida JPEG hubanwa upya, na kila mara ubora unapungua kidogo. Tafuta kwenye programu yako amri ya kuzungusha JPEG bila kupoteza ubora, iandikwayo "lossless", na uitumie hiyo.

Upakuaji ufanyie kwenye tovuti ya mtengenezaji. Vitufe vikubwa vya kijani kwenye tovuti nyingine mara nyingi ni matangazo, na wakati wa kusakinisha, soma kila kiboksi kabla ya kubofya "Next". Toa tiki kwenye usichokiomba. Kisha bofya picha kwa kitufe cha kulia, ingia "Open with", uchague programu yako mpya iwe ya kudumu. Ile ya zamani huna haja ya kuifuta.

Jaribio zima halizidi nusu saa. Kama fundi amekuambia ununue kompyuta mpya kwa sababu picha zinakwama, tafadhali usitoe hela kabla hujalifanya.