Mti wa Rangi na Kazi ya Daktari

Mtu akiota uvimbe, daktari hawezi kujua kwa kuutazama tu kama ni saratani au sivyo. Hukata kipande kidogo, akakipeleka kwa wapimaji. Hao hukigumisha kwa dawa, hukizamisha katika nta, kisha hukikata vipande vyembamba kuliko unywele, hata nuru hupenya. Lakini kipande hicho kikiwekwa chini ya hadubini, yaani chombo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho, ni vigumu kutambua kitu; maana chembe nyingi za mwili hazina rangi. Basi ni lazima zitiwe rangi.

Rangi itumikayo sana kwa kazi hiyo huitwa hematoksilini, nayo hutoka katika mti wenye miiba uotao Campeche, katika nchi ya Meksiko, na Belize. Moyo wa mti huo ni mwekundu, na jina lake kwa Kiyunani maana yake ni mti wa damu. Vibanzi vya moyo huo huchemshwa, na rangi hutoka majini.

Wahispania walipeleka magogo yake Ulaya tangu karne ya 16. Watu wa Uingereza walitia nguo rangi hiyo, lakini ilichujuka upesi, na wanunuzi wakaona wamedanganywa. Mwaka 1581 sheria ikaikataza. Kosa halikuwa la mti, bali la watu wasiojua kuishikiza rangi. Walipojifunza kuichanganya na chumvi za madini, rangi ilishika, na mwaka 1662 katazo likaondolewa.

Wapimaji nao walipita njia ile ile. Mwaka 1863 Waldeyer, mtaalamu wa Ujerumani, aliijaribu rangi hiyo, asifanikiwe sana. Mwaka 1865 Böhmer aliichanganya na shabu, na kazi ikafaulu. Shabu ni kama mshenga: huku imeishika rangi, huku imekishika kiini cha chembe, nayo huviunganisha. Hivyo viini huonekana buluu, na sehemu nyingine hutiwa rangi ya waridi itengenezwayo kiwandani. Daktari akiona viini vikubwa, vyeusi kuliko desturi, visivyolingana umbo, huingiwa na shaka ya saratani.

Katika miaka ya 1970 hematoksilini iliadimika. Tangu hapo wataalamu wengi wametafuta mimea mingine. Huko Nigeria wamejaribu rosela, ua jekundu ambalo watu hulifanyia kinywaji. Na hina pia imejaribiwa. Mimea hiyo hupatikana kwa urahisi, lakini ina taabu zake. Maji ya rosela yakitiwa ndimu huzidi wekundu. Yakitiwa magadi hugeuka rangi. Basi mpimaji hukata vipande viwili vya nyama ile ile, kimoja akakitia rangi ya zamani na cha pili rangi mpya, akavilinganisha. Viini visipoonekana wazi katika vyote viwili, rangi mpya haitumiwi kwa mgonjwa. Kwa kuwa rangi ikikosea, hukumu ya daktari hukosea, na aumiaye ni mgonjwa.

Maswali
1. Kwa nini chembe za mwili hutiwa rangi kabla ya kutazamwa?
2. Kwa nini sheria ya mwaka 1581 iliikataza rangi ya mti huu?
3. Shabu hufanya kazi gani?
4. Mpimaji huijaribuje rangi mpya, na kwa nini?