Mwanao Anataka Kuwa Mganga? Anza Kidato cha Tatu



Katika zahanati yetu hapa Rondo wazazi huniuliza: "Mganga, mwanangu amemaliza kidato cha nne. Nifanye nini naye akasomee uganga?" Ni swali zuri. Lakini mara nyingi huja likiwa limechelewa miaka miwili.

Wazee wanakumbuka mambo ya zamani. Katika miaka ya 1970 kijana wa darasa la saba aliweza kuchukuliwa, akafundishwa miaka mitatu, akawa mganga msaidizi vijijini. Siku hizi haiwezekani. Chuo cha uuguzi au cha utabibu kinataka cheti cha kidato cha nne. Katika cheti hicho kijana awe na alama ya D au zaidi katika masomo manne. Masomo ya dini hayahesabiwi. Na kati ya hayo manne, lazima yawemo Biolojia, Kemia na Fizikia.

Hapa ndipo vijana wetu wanapokwama. Wakifika kidato cha tatu, wengi huchagua masomo. Fizikia ni ngumu. Pengine hata mwalimu wake hayupo. Mtoto anaiacha, na mzazi haambiwi. Miaka miwili baadaye amefaulu Kiswahili, Historia na Jiografia, lakini chuo cha uuguzi hakimpokei. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila hiyo ni ada nyingine na mwaka mwingine. Kwa hiyo nenda shuleni mapema. Mwulize mkuu wa shule: "Mwanangu anasoma Kemia na Fizikia?" Usione haya kwa kuwa wewe hukusoma masomo hayo. Kuuliza hakuhitaji cheti.

Jambo la pili ni jina. Huku kwetu mtoto akitoka jandoni au unyagoni huweza kupewa jina jipya. Ni mila yetu, wala si vibaya. Lakini cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cheti cha shule kikisema vile, kijana atapata taabu. Kurekebisha majina huchukua muda na fedha. Kama mwanao hana cheti cha kuzaliwa, fika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Hakikisha jina linaandikwa kama lilivyo shuleni, herufi kwa herufi.

Sasa fedha. Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwezi wa kwanza. Vyuo vingi hufungua mwezi wa tisa au wa kumi. Fedha za korosho huingia kuanzia mwezi wa kumi. Umeona? Ada inadaiwa wakati fedha ya msimu uliopita imekwisha kununua bati na kucheza ngoma. Sisemi ngoma zisichezwe. Lakini fungu la ada litengwe siku ile ile malipo ya mnada yanapoingia. Tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo hukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa afya. Mkopo huombwa peke yake. Kupata nafasi chuoni si kupata mkopo.

Maombi hutumwa kwa intaneti. Kijana aandike namba yake ya simu au ya mzazi. Asiandike ya mwenye duka la kompyuta, kwani majibu yatakwenda kwa mwenye duka. Neno la siri aliandike kwenye daftari.

Huna haja ya kumpeleka mbali. Vyuo vya afya vipo Lindi, Nyangao, Ndanda, Masasi na Mtwara. Lakini jihadhari na mtu anayepita kijijini akisema ana nafasi za chuo na anataka fedha taslimu. Chuo cha kweli kimesajiliwa na baraza la NACTVET. Mwambie akupe namba ya usajili, kisha mwombe mwalimu aitafute kwenye simu yake. Akikataa kuitoa, usimpe hata shilingi.