Lenzi za Kale kwa Filamu Kubwa Mno: Vidokezo 9 Kabla Hujatoa Pesa

Kamera ya filamu kubwa mno ni ile ambayo picha moja tu hula karatasi nzima ya filamu iliyozidi inchi 8×10. Saizi zake ni kama 7×17, 11×14, 12×20, hata 20×24. Nyingi za zamani zilitengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na zile pana za 7×17 na 12×20 ziliitwa kamera za karamu, kwa kuwa wapiga picha walizitumia kunasa ukumbi mzima wa wageni waliokaa mezani. Kamera hizi hazijafa. Mwaka 1984 Lois Conner alianza kupiga mandhari ya China kwa 7×17, na mpaka leo wapo wanaozitafuta kwa hamu.

Kamera yenyewe ni sanduku na mvukuto, na seremala makini anaweza kukuundia. Lenzi na shata ndizo zinazomtoa jasho anayeanza. Habari njema ni kwamba filamu kubwa inasamehe mambo mengi ambayo kamera ndogo haiwezi kuyasamehe. Ukijua kipi hakisameheki, kifaa cha miaka 100 kitakufaa kabisa.

1. Uliza kwanza duara la picha

Kila lenzi huangusha picha ya mviringo ndani ya kamera. Mviringo huo usipofika pembe za filamu, pembe zitabaki tupu, na hakuna ufundi wa kuziokoa. Kwa hiyo pima mshazari wa filamu yako: 11×14 ni kama milimita 450, 7×17 ni 467, 12×20 ni 592, na 20×24 inakaribia 800. Duara la lenzi lazima lilingane na namba hiyo au liizidi. Ukitaka kuinua au kushusha lenzi ili kurekebisha mistari ya majengo, tafuta duara kubwa zaidi. Jina maarufu lililochorwa kwenye pete ya lenzi lije baada ya hesabu hii.

2. Usikimbie lenzi yenye tundu dogo

Lenzi nyingi za kundi hili huanzia f/8, f/9 au hata f/12.5. Kwenye kamera ndogo ungeikataa lenzi ya namna hiyo. Hapa haidhuru, kwa sababu utabana tundu mpaka f/45 au f/64 ili vitu vya karibu na vya mbali vyote vikolee. Ni kweli kwamba tundu dogo sana hulegeza ukali wa picha kidogo, lakini negativu kubwa haikuzwi: unailaza juu ya karatasi ya picha, unaiwashia taa, na picha inatoka kwa ukubwa uleule. Kwenye f/64 lenzi nzuri bado inatenganisha mistari kama 20 kwa milimita, na jicho la kawaida halioni hata nusu yake. Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao walipounda kundi lao California mwaka 1932, waliliita f/64 kwa heshima ya tundu hilo.

3. Zijue koo nne

*Rapid Rectilinear* ilizaliwa mwaka 1866 kwa Dallmeyer wa Uingereza, wakati uleule Steinheil wa Ujerumani alipotoa Aplanat, ambayo ni ndugu yake. Huwa na bei nafuu, na tundu likibanwa inatoa picha safi. Kwa anayeanza, hii ndiyo ningemwelekeza.

*Dagor* ya Goerz ilibuniwa na Emil von Höegh mwaka 1892. Ina makundi mawili ya vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, hivyo mwanga haurukiruki ndani, na rangi za kijivu hutoka nzito na tamu. Sifa yake kubwa ni kwamba duara lake hupanuka kadiri unavyobana tundu. Dagor ya inchi 14 hufunika 11×14.

*Protar* za Zeiss na *Turner-Reich* za Gundlach ni za kubadilika. Ukifungua kundi moja la vioo, linalobaki linakuwa lenzi ndefu zaidi, kwa hiyo Turner-Reich moja inaweza kukupa inchi 12, 21 na 28.

*Artar* na nyingine za viwanda vya uchapaji ni kali ajabu, ila duara lao ni jembamba. Kwa mandhari ya mbali chukua ndefu kuliko mshazari wa filamu: inchi 24 kwa 11×14, inchi 30 kwa 12×20.

4. Soma namba za tundu kwa uangalifu

Lenzi za zamani za Marekani na Uingereza mara nyingi zina mfumo wa U.S. (Uniform System) badala ya f. Mifumo hii miwili inakutana mahali pamoja tu: U.S. 16 ni sawa na f/16. Nje ya hapo inaachana: U.S. 4 ni f/8, U.S. 8 ni f/11, U.S. 32 ni f/22, U.S. 64 ni f/32 na U.S. 128 ni f/45. Ukiona namba 4, 8, 16, 32, 64 zikifuatana bila 5.6 wala 11, shuku mara moja. Ukizichanganya, karatasi ghali ya filamu itaharibika kwa kosa la hesabu.

5. Kagua kwa tochi

Tazama kupitia lenzi huku tochi ikimulika kutoka upande wa pili. Mikwaruzo michache na vumbi havina neno. Kinachotisha ni ukungu mweupe uliotanda, nyuzi za kuvu, na mng'ao wa rangirangi pembezoni, dalili kwamba gundi kati ya vioo imeachia. Turner-Reich ikague mara mbili, kwani kila upande una vioo vitano vilivyogandishwa. Anayeishi mwambao, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, aihifadhi lenzi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kuvu hupenda joto la pwani.

6. Hesabu gharama za pembeni

Uliza kama lenzi inakuja na ringi yake ya kufungia kwenye ubao. Ikikosekana, itabidi fundi wa mashine akuchongee nyingine, na hizi koo za kale hazifuati kipimo kimoja. Pima pia mvukuto. Lenzi ya inchi 24 inahitaji mvukuto wa inchi 24 kwa mlima ulio mbali, na zaidi ya hapo kwa uso wa mtu. Mwisho pima uzito: lenzi nzito huinamisha ubao wa mbele, na fokasi uliyoihangaikia inahama.

7. Chagua shata kwa kazi yako

Hesabu kidogo itakuokolea fedha. Jua kali, filamu ya ISO 100, f/64: muda wa mwanga unaohitajika ni takriban sekunde 1/6. Weka filta ya kupunguza mwanga mara 16, unapata kama sekunde 2.7. Hapo kifuniko cha lenzi kinatosha: unakivua, unahesabu, unakirudisha. Kumbuka tu kwamba filamu nyingi, muda ukizidi sekunde moja, hudai nyongeza. Soma maelezo ya mtengenezaji.

Ukipiga watu, tafuta Packard, shata ya Kalamazoo, Michigan, inayoendeshwa kwa hewa. Unaminya kipira, inafunguka, unaachia, inafungwa. Zenye pini maalumu hutoa pia kama sekunde 1/25. Inakaa nyuma ya lenzi, kwa hiyo moja inaweza kuhudumia lenzi kadhaa. Shata ya pazia ya Thornton-Pickard ya Uingereza nayo ni ya kushirikisha lenzi namna hiyo.

Ilex namba 5, Betax namba 5 na Compound namba 5 ni shata zinazobeba lenzi katikati yake. Ni nzuri, lakini bei hupanda. Copal namba 3, iliyo ya kisasa zaidi, ina tundu dogo kwa lenzi nyingi za kale, ingawa lenzi ya G-Claron ya milimita 355 huingia moja kwa moja.

8. Ipime kasi, wala usiitie mafuta

Kasi iliyoandikwa kwenye shata ya mwaka 1920 ni matumaini. Irekodi kwa simu inayochukua fremu 240 kwa sekunde, kisha hesabu fremu ambazo tundu lilikuwa wazi: fremu 10 ni karibu sekunde 1/25. Andika kasi halisi kwenye kikaratasi, ibandike ubaoni. Shata inayochelewa kila mara kwa kiasi kilekile inafaa kabisa. Inayobadilika kila ukiibonyeza ndiyo ya kupeleka kwa fundi. Mafuta husambaa hadi kwenye vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga, vikanatana. Compound usiizamishe kwenye petroli, maana baadhi zina vipande visivyo vya chuma, na vinaweza kupinda.

9. Weka fokasi kwenye tundu la kazi, kisha ongeza mwanga wa mvukuto

Kwenye Dagor, na kwenye kundi moja la lenzi za kubadilika, fokasi huhama unapobana tundu. Basi bana kwanza hadi f/22 hivi, jifunike kitambaa cheusi, tumia kioo cha kukuzia, na uhakikishe tena. Halafu pima urefu wa mvukuto. Ukimpiga mtu kwa lenzi ya milimita 450 na mvukuto ukafika 675, gawanya 675 kwa 450, zidisha jibu kwa lenyewe: 2.25. Muda wa mwanga uongeze mara hizo.

Kwa mazoezi, filamu ya eksirei ya sentimita 35×43 ni karibu inchi 14×17, na ikikatwa inaingia 11×14. Nyingi hazioni nyekundu, kwa hiyo unaweza kuisafisha chini ya taa nyekundu na kutazama picha ikijitokeza. Ukishaiva, kampuni ya Ilford ya Uingereza hupokea oda za saizi kubwa mara moja kwa mwaka. Ili kuijaribu lenzi, piga ukuta uleule wa matofali kwa f/16, f/32 na f/64, kagua pembe, andika matokeo. Lenzi itakayofunika pembe zako nne kwa usafi ndiyo yako, hata kama jina lake halijulikani na mtu.