Singo ya Mshindi: Wiki ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Singo ya kwanza ya mshindi wa shindano la kuimba ni mgeni wa namna hiyo. Wiki mbili za mwanzo inakula karamu ya fainali: vigelegele, mama mtu akilia jukwaani, picha magazetini, ndugu na jamaa waliopiga kura mpaka salio likakata. Wiki ya tatu karamu imekwisha, na wimbo unatakiwa kwenda shamba wenyewe.

Wengi wetu tunatoa hukumu siku ya karamu. Mtangazaji anasema nyota imezaliwa. Meneja anakopa fedha za video kwa kutegemea mauzo ya siku saba. Mshindi naye, kijana asiye na uzoefu, anaamini maisha yake yote yatakuwa kama wiki ile. Mwaka ukipita lebo imemwacha na mtaani anachekwa. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi dalili zilikuwapo mapema na hakuna aliyezisoma. Zifuatazo ni hatua saba za kuzisoma. Mifano mingi ni ya Uingereza, ambako mauzo ya singo huhesabiwa kila wiki na kutangazwa, na ambako washindi wamekuwa wengi kiasi cha kutuonyesha mkondo wa maji.

1. Tenga mauzo ya fainali na mauzo ya wimbo

Februari 2002 Will Young alimshinda Gareth Gates katika fainali ya Pop Idol. Singo yake yenye nyimbo mbili, "Anything Is Possible" na "Evergreen", iliuza nakala 403,027 siku ya kwanza na zaidi ya milioni 1.1 katika wiki ya kwanza. Hatimaye ilifikia takriban milioni 1.8. Piga hesabu: zaidi ya nusu ya nakala zake zote zilinunuliwa ndani ya siku saba. Wanunuzi hao walikuwa wameshaamua kununua usiku wa fainali, wimbo uwe mzuri au wa kawaida.

Wala usigeuze kura kuwa mauzo. Young alipata kura milioni 4.6, yaani takriban nakala moja ya wiki ya kwanza kwa kila kura nne, na mwaka ule ulikuwa wa neema. Shabiki mmoja anaweza kupiga kura mara kumi. Wimbo ataununua mara moja. Mshindi wa pili naye usimsahau. Mwezi Machi 2002 Gates alitoa "Unchained Melody", akashika namba moja na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Marekani mwaka 2003, Ruben Studdard alishinda American Idol, lakini singo ya Clay Aiken aliyeshika nafasi ya pili ndiyo iliyoongoza chati ya Billboard, na ya mshindi ikabaki ya pili. Anayepiga simu na anayefungua pochi si lazima wawe mtu yuleyule.

2. Soma kalenda kabla ya kuusikiliza wimbo

The X Factor ya Uingereza ilipanga fainali zake Desemba, na haikuwa kwa bahati. Krismasi ni msimu wa zawadi, na mtu asiyenunua muziki mwaka mzima hununua CD moja ya kumpa shangazi. Kuanzia 2005 hadi 2008 washindi wanne mfululizo walishika namba moja ya Krismasi. Shayne Ward aliuza takriban nakala 742,000 katika wiki ya kwanza, Leona Lewis 571,000, Leon Jackson 275,000 na Alexandra Burke 576,000.

Baada ya Krismasi huja Januari, na Januari ina mtego wake. Maduka yametulia, lebo kubwa hazijaanza kutoa nyimbo mpya, kwa hiyo wimbo unaweza kukalia kiti cha juu kwa mauzo madogo. Jackson alikaa namba moja wiki tatu. Singo yake iliyofuata, iliyotoka Oktoba 2008 soko likiwa limejaa, iliishia namba tatu, na mwaka 2009 lebo ikaachana naye. Ukiona wiki tatu kileleni, uliza kwanza ni wiki tatu za mwezi gani.

3. Jua chati ya siku hizo inahesabu nini

Kanuni za chati hubadilika, na kila badiliko humsaidia mmoja na kumwumiza mwingine. Uingereza ilianza kuhesabu nyimbo zote zinazopakuliwa mtandaoni Januari 2007, hata zisizokuwa na CD dukani. Julai 2014 ikaingiza usikilizaji wa mtandaoni: mara 100 za kusikiliza zilihesabiwa kuwa nakala moja. Januari 2017 zikawa 150. Tangu Julai 2018 anayelipia huduma huhesabiwa kwa mara 100, na anayesikiliza bure kwa mara 600.

Chukua kalamu uone maana yake. Mashabiki 1,000 wakinunua wimbo, una nakala 1,000. Mashabiki haohao wakiusikiliza mara kumi kila mmoja, una mara 10,000, na kwa kanuni ya 100 hizo ni nakala 100 tu. Mapenzi ya ghafla ya fainali yalikuwa na nguvu enzi za kununua, kwa sababu ununuzi hukamilika kwa dakika moja. Usikilizaji humpendelea anayerudiwa kila siku, kwenye basi na jikoni.

Matokeo yake yalionekana haraka. Ben Haenow, mshindi wa The X Factor, alishika namba moja ya Krismasi mwaka 2014. Mwaka uliofuata singo ya Louisa Johnson iliishia namba 9, kisha Matt Terry namba 3, Rak-Su namba 2, Dalton Harris namba 4. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyefika kileleni. Kudai kwamba vipaji vilipungua ni kuwaonea; mizani ndiyo iliyobadilishwa.

4. Uliza kanzu ilishonwa kwa kipimo cha nani

Ili singo itoke mara tu baada ya fainali, ni lazima irekodiwe kabla mshindi hajajulikana. Kila aliyebaki huingia studio, na rekodi za walioshindwa huwekwa kabatini. Mwaka 2010 Matt Cardle alishinda The X Factor na wimbo wa kundi la Biffy Clyro uliopewa jina jipya, "When We Collide". One Direction, walioshika nafasi ya tatu, walikuwa nao wameandaliwa singo ya kurudia "Forever Young". Wimbo uliochaguliwa kabla ya kumjua mwimbaji mara nyingi ni kanzu ya kumtosha yeyote, na kanzu ya yeyote haimpendezi mtu.

Wimbo wa kurudiwa una hatari nyingine: humwamsha mwenye nao. Burke alipoimba "Hallelujah" ya Leonard Cohen mwaka 2008, watu walikimbilia pia ya Jeff Buckley ikapanda hadi namba 2, na ya Cohen mwenyewe ikaingia namba 36. Burke aliuza vizuri mno, lakini nchi nzima ilikuwa ikimlinganisha na watu wawili waliomtangulia.

Kwa hiyo sikiliza na ujiulize: jina la mwimbaji likifichwa, nitamtambua? James Arthur mwaka 2012 alipewa "Impossible", wimbo uliokwisha kuimbwa na Shontelle, lakini sauti yake ya mikwaruzo iliufanya kuwa mali yake, ukauza zaidi ya nakala milioni moja. Na miaka kumi kabla yake Girls Aloud, walioundwa na Popstars: The Rivals, walianza na "Sound of the Underground", wimbo mpya wenye gitaa kali usiofanana na chochote kilichoimbwa katika shindano. Ulikaa namba moja wiki nne. Kundi la wavulana lililoshindana nao, One True Voice, lilisambaratika mwaka uliofuata. Wasichana walidumu kwa miaka kumi.

5. Mtafute mpinzani, hata pale usipomtegemea

Desemba 2009 Joe McElderry alikuwa na kila kitu: ushindi, Krismasi, na wimbo uliokwisha kupendwa, "The Climb". Lakini mke na mume, Jon na Tracy Morter, walikuwa wameanzisha kampeni kwenye Facebook ya kuwataka watu wanunue "Killing in the Name" ya Rage Against the Machine, wimbo wa mwaka 1992, kwa kuchoshwa na washindi wa televisheni kujitwalia Krismasi kila mwaka. Wimbo huo wa zamani uliuza nakala 502,672, McElderry 450,838. Alipanda namba moja wiki iliyofuata, ikawa wiki hiyo tu.

Funzo ni kwamba mpinzani anaweza kuwa hasira ya watu, au huruma yao. Mwaka 2011 kwaya ya wake wa wanajeshi ndiyo iliyochukua Krismasi, na mwaka 2012 ukawa wimbo wa kuzichangia familia za waliokufa katika maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough. Kabla ya kukadiria, orodhesha nyimbo zote zinazotoka wiki ile, kisha uulize watu wana jambo gani moyoni.

6. Pima mteremko, si kilele

Andika mauzo ya wiki ya kwanza. Wiki ya pili na ya tatu, andika tena, na pembeni yake andika kama soko zima limepanda au limeshuka. Wimbo wa mshindi utashuka, hilo lisikutishe. Unachotafuta ni mahali unapoacha kushuka. Sikiliza redio: unapigwa katika kipindi cha kawaida cha mchana, au unapigwa pale tu mshindi anapohojiwa? Waulize watu ambao hawakutazama shindano. Wakiuimba bila kujua ulitoka wapi, wimbo umeshika jembe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Phillip Phillips, mshindi wa American Idol mwaka 2012. "Home" iliingia Billboard namba 10, ikaanza kushuka kama zilivyoshuka nyingine. Kisha televisheni ya Marekani ikautumia wimbo huo kuwasindikiza wasichana wa jimnastiki katika Olimpiki ya London. Ukapanda upya hadi namba 6 na hatimaye kuuza zaidi ya nakala milioni 5 nchini Marekani. Zipo singo za washindi zilizofungua namba moja ambazo hazikukaribia idadi hiyo. Wimbo ulikuwa na kitu cha kusema nje ya ukumbi wa fainali, na kazi ilipopatikana uliweza kuifanya.

7. Weka hukumu hadi singo ya pili

Singo ya kwanza inaonyesha ukubwa wa shindano. Ya pili inaonyesha ukubwa wa msanii. Leona Lewis alishinda Desemba 2006, akaachwa miezi kumi atafutiwe nyimbo zake. "Bleeding Love" ilitoka Oktoba 2007, ikakaa namba moja Uingereza wiki saba na mwaka uliofuata ikaongoza Marekani. Burke alirudi na "Bad Boys" akashika namba moja. Little Mix, ambao singo yao ya ushindi ilikaa juu wiki moja tu, walirudi na "Wings" mwaka 2012, nayo ikashika namba moja. McElderry na Cardle, kila mmoja kwa wakati wake, singo zao za pili ziliishia namba 6, na mapema wakatengana na lebo iliyowapokea. One Direction, ambao hawakushinda, walipewa karibu miezi tisa ya kuandaliwa kabla ya "What Makes You Beautiful". Matokeo yake kila mtu anayajua.

Kwa anayemshika mshindi mkono hapa kwetu

Afrika Mashariki tumekuwa na Tusker Project Fame, iliyotoa washindi kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na tuna Bongo Star Search. Wimbo wetu hupimwa zaidi kwa redio, YouTube na Boomplay kuliko kwa CD, lakini hatua ni zilezile. Usihesabu watazamaji wa siku mbili za kwanza. Hesabu wa siku ya ishirini na moja. Usimpe kijana kanzu ya mtu mwingine kwa sababu studio imekodiwa kesho. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012, na leo wengi wanamjua kwa nyimbo za Injili, njia iliyomtosha kwa kipimo chake.

Fedha za zawadi zigawe mapema. Sehemu ya singo ya kwanza iwe ndogo, kwa sababu fainali imeshaitangaza bure. Kubwa iende kwenye nyimbo tatu au nne zinazofuata, na kwenye kodi ya nyumba ya miezi ambayo atakuwa anaandika badala ya kukimbizana na maonyesho ya ufunguzi wa maduka. Mwambie ukweli huu kabla ya fainali, wakati bado anasikia.

Nyumbani kwetu mgeni hapewi jembe kwa sababu amechosha. Anapewa kwa sababu sasa ni mtu wa nyumba hiyo, na shamba ni lake pia. Mshindi anayeulizwa wiki ya tatu, "Wimbo wako mwenyewe uko wapi?" ameheshimiwa kuliko yule anayeendelea kupigiwa makofi ya fainali.