Moyo wa selotepu dirishani

Wenzangu mnaokwenda TP, bumu likiingia nunueni selotepu pana. Ile ya kufungia maboksi, inayopitisha mwanga, siyo ya kahawia.

Mimi nilipangiwa shule moja Mpale, huko milimani Korogwe. Mada ilikuwa moyo, kidato cha pili, na kitabu kimoja kinachunguliwa na watu watano. Projekta sahau. Nikashuka mjini kutoa kopi kubwa ya mchoro wa moyo, majina yote nimeyafuta ili wanafunzi wayajaze wenyewe.

Kazi yenyewe ni hivi. Unabandika selotepu juu ya mchoro, vipande vikipandana kidogo, maana upana wake ni kama sentimita 5 tu na moyo wangu ulijaa A4. Unasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka hewa yote itoke. Kisha unaloweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10 (maji ya asubuhi kule ni baridi kweli, bandika sufuria kwanza). Halafu unageuza na kusugua karatasi kwa ncha za vidole, taratibu, inatoka vijitambi vijitambi. Ukitumia kucha, umechana moyo. Ikikauka ukaona ukungu mweupe, bado kuna karatasi; lowesha tena, sugua tena.

Mchoro unabaki kwenye gundi. Unga wa mashine ya kopi una plastiki iliyoyeyushwa kwa joto, kwa hiyo maji hayauwezi. Printa ya wino wa maji haifai kabisa. Mimi nilianza na hiyo, nikaambulia beseni la maji meusi.

Gundi ilikuwa bado inanata, nikaubandika moyo kwenye kioo cha dirisha, kwa ndani. Jua likapita, darasa zima likasema "aaah!" Nilijiona profesa. Kwa kuwa tulikuwa wengi, nusu nikawatoa barazani watazame kwa nje.

Nilikuwa nimewafundisha kwamba kwenye mchoro, upande wa kushoto wa moyo unakaa mkono wako wa kulia. Pia kwamba chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene kwa sababu kinasukuma damu mwili mzima, wakati cha kulia kinaipeleka mapafuni tu. Wakaanza kujaza majina. Binti mmoja akaniita kutoka barazani: "Mwalimu, mbona huku kwetu ukuta mnene uko kulia?"

Nikatoka nje. Kweli, moyo ulikuwa umegeuka. Daftari karibu zote za barazani zilikuwa na kushoto mahali pa kulia, na wenye daftari hizo walinifuata vizuri tu, neno kwa neno. Wangeyabeba hayo mpaka kwenye mtihani. Majina niliyoyafuta kwa ujanja wangu ndiyo yangenionesha kosa mapema, yangesomeka kinyume.

Tulirudia somo zima kesho yake. Yule binti nikamsimamisha mbele awaeleze wenzake aligunduaje, akasema hakuamini mkono, aliamini kazi ya ukuta.

Sasa kabla ya kutoa kopi naandika namba 2 pembeni mwa mchoro. Ukiiona imegeuka, hamia upande wa pili wa kioo. Msiandike A, maana hiyo ukiigeuza ni ileile.