Rangi za Wingu la Nyota: Kweli au Uongo?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: wingu jekundu la nyota tulilowaonyesha katika picha, ambalo jicho haliuoni wekundu wake, ni la kweli au limetiwa rangi? Suala hili si dogo, kwani picha ni ushahidi, na ushahidi wa uongo haujuzu. Basi jawabu letu ni kueleza jinsi picha hiyo ilivyopatikana.

Katikati ya mwezi wa Februari tulikuwa wageni Nyansiongo, katika nchi ya chai ya Nyamira, mahali palipo chini ya digrii moja kusini ya ikweta. Yapata saa nane usiku tulielekea kusini. Kuliani kwetu Suheli, nyota waijuayo manahodha wetu, ilikuwa imeinama. Kushotoni ulikuwapo Msalaba wa Kusini. Baina yao, yapata digrii 31 juu ya upeo, tuliona waa hafifu la kijivu. Hilo ndilo wingu lenyewe, ambalo wataalamu huliita nebula.

Wingu hilo na Suheli vimo katika kundi moja, nalo ni Mkuku. Zamani Mkuku ulihesabiwa kuwa sehemu ya jahazi moja kubwa la nyota. Mfaransa Lacaille ndiye aliyelitenga kuwa Mkuku, Shetri na Tanga. Yeye, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliliandika wingu hili mwaka 1752.

Tuliiweka kamera yenye lenzi ya milimita 50 juu ya miguu mitatu, tukaiacha ipokee nuru dakika nzima. Nyota zikatoka kama mikwaruzo, kwani dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Tukarudia kwa picha 60 za sekunde 10 kila moja, kisha kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine, ikawa jumla ya dakika 10 za nuru. Hapo ndipo wekundu ulipodhihiri.

Wekundu huo ni wa hewa ya haidrojeni, ambayo miale mikali ya nyota changa huifanya itoe nuru. Jicho la mwanadamu haliwezi kuweka akiba ya nuru, na katika giza halipambanui rangi. Kamera huweka akiba. Kwa hiyo haikuzua kitu, ilikusanya kilichokuwapo.

Lakini mtu asidhani kuwa kila picha ni kama hii. Tarehe 12 Julai 2022 ilitangazwa picha ya ukingo wa wingu hilihili, iliyopigwa na darubini ya James Webb kwa miale isiyoonekana na jicho lolote. Rangi zake zilichaguliwa na wataalamu, nao wakasema wazi. Aliyebainisha hakudanganya; mwongo ni yule atiaye rangi akanyamaza.

Mwaka 964 Abdurrahman as-Sufi, bila ya darubini, aliandika habari za wingu dogo katika kundi la Andromeda. Karne nyingi zilipita kabla watu hawajajua kuwa ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, na maandishi yake yakabaki kuwa hoja, kwa sababu aliandika alichokiona.

Basi tusikanushe jambo kwa kuwa macho yetu hayakulifikia, wala tusilisadiki kwa uzuri wake tu. Tuulize: limepatikanaje?