MALI BILA DAFTARI

Msimu wa pamba ufunguliwapo, kwa kawaida mwezi wa Mei, njia za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu hujaa mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba pamba. Mkulima aliyeinama shambani tangu Novemba hunyosha mgongo, hupokea fedha zake, na kwa siku chache hujiona mtu mwenye mali. Lakini ifikapo Novemba nyingine, mtu huyo huyo huenda kwa jirani kuomba karadha ya kulimia. Je, fedha zimekwenda wapi? Hakuibiwa, wala si mlevi. Yeye mwenyewe ukimwuliza hawezi kueleza. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena liko jambo la kusikitisha zaidi. Katika nyumba hiyo mara nyingi yumo kijana wa Kidato cha Tatu au cha Nne. Ajua kuchora ramani, ajua kanuni za kemia, aandika insha nzuri. Walakini baba yake hajapata kumwuliza neno hata moja juu ya fedha za pamba, wala kijana hajapata kufikiri kwamba elimu yake yahusiana na magunia yale yaliyomlipia sare. Basi leo twapenda kusema na wazazi, walimu na vijana wenyewe juu ya somo la kuendesha biashara katika shule zetu za sekondari.

Mauzo si faida

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Ni ya mfano tu, na kila msomaji aweza kuweka tarakimu zake mwenyewe. Mzee mmoja amelima ekari 3 za pamba, akavuna kilo 900. Ameuza kila kilo kwa shilingi 1,200. Amepokea shilingi 1,080,000. Huyu atasema, "Mwaka huu nimepata milioni moja na zaidi."

Sasa na tulifungue daftari. Kulima kwa jembe la ng'ombe, shilingi 120,000. Palizi mara mbili, shilingi 180,000. Dawa za wadudu, shilingi 60,000. Vibarua wa kuvuna, shilingi 90,000. Magunia na uchukuzi, shilingi 30,000. Jumla ya gharama ni shilingi 480,000. Akitaka kulima tena mwakani, fedha hizo hazina budi kuwekwa kando, kwa maana hizo si faida, bali ni rasilmali yake irudiyo mkononi mwake. Zilizobaki ni shilingi 600,000. Na kwa kuwa hatauza pamba nyingine mpaka miezi 12 ipite, anazo shilingi 50,000 kwa kila mwezi.

Angalia tofauti iliyopo! Mtu ajionaye ana milioni moja, na mtu ajuaye kwamba ana shilingi 50,000 kwa mwezi, hawatakwenda sokoni kwa moyo mmoja. Wa kwanza atanunua pikipiki kwa mkopo. Wa pili ataketi na mkewe, wafikiri. Tena kuna swali jingine ambalo daftari huliuliza. Ikiwa baba, mama na watoto wawili walifanya kazi shambani siku 50 kila mmoja, hizo ni siku 200 za kazi. Gawanya faida kwa siku hizo: kila mmoja amepata shilingi 3,000 kwa siku. Je, zatosha? Ekari moja ya choroko au dengu ingalileta zaidi? Hatusemi kwamba pamba ni mbaya. Twasema kwamba asiyepiga hesabu hawezi hata kuuliza swali hilo.

Hesabu hii haina hata kanuni moja ngumu. Ni kujumlisha, kutoa na kugawanya. Kijana wa Kidato cha Kwanza aiweza. Asichonacho ni mazoea ya kuitumia katika mambo ya nyumbani kwao.

Mafunzo ya Usukumani

Watu wa Usukumani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mafunzo ya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walinung'unika kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja. Hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakajiunga katika vyama, na mwaka wa 1955 wakaunda Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Kufikia mwaka wa 1960 ununuzi wa pamba ulikuwa umeingia mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe. Watu wengi wa siku zile hawakuwa na elimu ya sekondari, lakini walifahamu jambo moja kubwa la biashara, nalo ni kwamba mwenye mali asiposimama karibu na mizani, mali si yake.

Lakini hadithi haikwisha hapo. Vyama vilikua upesi kuliko watu wa kuviendesha. Mwaka wa 1966 serikali iliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika. Kamati hiyo iliona, pamoja na mambo mengine, kwamba wanachama hawakufahamu vya kutosha mambo ya vyama vyao, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na kwamba siasa iliingilia kazi. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Mwaka wa 1994 mlango ukafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Katika miaka ya karibuni wakulima wameuza tena pamba kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Twakumbusha mambo hayo ya zamani kwa sababu moja. Chama chaweza kuwa na mizani nzuri, hata mizani ya kidijitali, na jengo lenye bati jipya. Lakini ikiwa katika mkutano mkuu wanachama 200 wasomewa hesabu na hakuna hata 5 wawezao kuuliza, "Mbona gharama za safari ni kubwa kuliko mwaka jana?", chama hicho ni mali ya katibu, si ya wanachama. Wauliza maswali wa miaka 10 ijayo ndio wanafunzi waketio madarasani hivi leo.

Shamba la shule lisilo na daftari

Si kwamba nchi yetu haikuliona jambo hili. Mwaka wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Lakini katika shule nyingi lilishikwa jembe, likasahauliwa daftari. Wanafunzi walilima, mazao yakauzwa, fedha zikaingia ofisini. Nao hawakujua zilikuwa kiasi gani wala zilifanya nini. Hapo kijana alijifunza kwamba kazi ya mikono ni adhabu, tena kwamba hesabu ni siri ya wakubwa. Mafunzo yote mawili ni mabaya.

Upande wa Kanisa nao ulifanya kazi. Mwaka wa 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi. Mbegu hiyo ndiyo iliyokua ikawa chuo kikuu, SAUT, mwaka wa 1998. Lakini chuo hupokea wachache waliofika mbali. Wengi huishia Kidato cha Nne, hurudi nyumbani, na biashara yao ya kwanza huianza wakiwa hawajapata kuandika hesabu ya mwezi mmoja.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umetoa nafasi njema. Elimu ya Biashara imekuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa mkondo wa jumla kuanzia Kidato cha Kwanza. Zamani masomo ya biashara na utunzaji wa hesabu yalikuwa ya wachache waliochagua. Twafurahi. Lakini twaogopa jambo moja: somo hilo lisije likawa jingine la kukariri kwa ajili ya mtihani. Kijana aweza kutaja kazi tano za meneja, akapata alama zote, naye asiweze kuendesha genge la nyanya juma moja.

Jinsi ya kulifundisha

Katika nchi nyingine walimu waligundua zamani kwamba biashara hufundishwa kwa kufanya. Mwaka wa 1919 lilianzishwa huko Marekani shirika la Junior Achievement. Katika mpango wake mashuhuri wanafunzi huunda kampuni ndogo, huuza hisa za bei ndogo, huchagua viongozi, hutengeneza kitu, hukiuza, kisha hufunga hesabu na kugawana faida au hasara. Hakuna linalozuia darasa la Bariadi au Lamadi kufanya vivyo hivyo, kwa kuku, kwa sabuni, kwa karanga za kukaanga au kwa miche ya miti. Mkoa wa Simiyu wenyewe, ulioanzishwa mwaka wa 2012, umekwisha kuona vijana wa Maswa wakitengeneza chaki, na wa Meatu wakisindika maziwa. Twashauri mambo manne.

Kwanza, mtaji uwe mdogo na uwe wa wanafunzi wenyewe. Fedha ya msaada haimwumi mtu ikipotea. Shilingi 1,000 ya kila mwanafunzi yamfanya awe macho.

Pili, kazi zigawanywe. Ashikaye fedha asiwe ndiye aandikaye daftari, na aandikaye asiwe ndiye akaguaye. Hii si dalili ya kutoaminiana. Ni ulinzi kwa aliye mwaminifu, ili siku fedha zikipungua asishutumiwe bure. Tena wasichana wasipewe kazi ya kupika na kufagia tu huku wavulana wakishika hesabu. Mama wengi wa mkoa huu ndio waendeshao genge, mgahawa na kilimo cha nyumbani, na mjane asiyejua hesabu za mumewe hunyang'anywa upesi.

Tatu, daftari lisomwe mbele ya wote kila juma, pamoja na hasara. Mwalimu asifiche hasara wala asiifidie. Kuku wakifa kwa kideri, iandikwe, iulizwe kwa nini hawakuchanjwa. Hasara ya shilingi 20,000 shuleni ni karo nafuu kuliko hasara ya shilingi 2,000,000 maishani.

Nne, pale ambapo walimu wa somo hili hawatoshi, waalikwe watu wenye maarifa: karani mstaafu, katibu wa AMCOS, mama mwenye duka lililodumu miaka 15. Wengine hawana cheti, lakini walilolipia kwa jasho ni elimu.

Shule si soko?

Watu wengine watatuambia, "Mkiwafundisha watoto biashara, mtawafundisha kupenda fedha. Shule si soko." Twaiheshimu hofu hiyo, kwa maana si ya bure. Twajua kwamba wako wanunuzi wachezeao mizani. Twajua pia, wala tusijifiche, kwamba wako wakulima watiao maji na mchanga katika pamba ili kilo ziongezeke. Mchanga ule huharibu mashine za kuchambulia na sifa ya pamba yetu, na mwishowe bei hushuka kwa wote, hata kwa yule aliyeileta safi. Mtoto wa mkulima huyo ameona yote. Amekwisha kufundishwa biashara kabla hajafika shuleni, naye alifundishwa vibaya.

Kwa hiyo swali si kama kijana atafundishwa biashara. Atafundishwa tu. Swali ni nani atakayemfundisha: mwalimu mwenye daftari lililo wazi, au ndoo ya mchanga nyuma ya ghala. Darasani aweza kuonyeshwa kwa hesabu kwamba mteja aliyedanganywa harudi, na kwamba jina jema ni rasilmali isiyonunuliwa benki.

Twamaliza kwa ombi kwa wazazi. Msimu huu, fedha za pamba zitakapoingia nyumbani, mwiteni kijana wenu aliye sekondari. Mpeni daftari la kurasa 40 na kalamu. Mwambieni yote, yaliyoingia na yaliyotoka, hata yale yanayotia haya. Pengine mtaona aibu siku ya kwanza. Lakini ifikapo Novemba, mkiwa na fedha za kulimia bila kubisha hodi kwa jirani, mtajua kwamba karo mliyolipa haikupotea bila habari.